Ramani ya Programu Isiachwe Nyuma

Kabla ya programu ya kompyuta kuandikwa, aghalabu wabunifu huichorea ramani inayoonyesha sehemu zake na habari zinazopashana. Lugha ya michoro ya UML iliidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 1997. Ramani hiyo hugeuzwa kuwa msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza. Tatizo huzuka pale msimbo unapobadilishwa kila wiki ilhali ramani imesahauliwa. Wanaisimu wanaijua hali hii: kitabu cha sarufi kisichorekebishwa hubaki kikieleza lugha ambayo wasemaji wameshaiacha.

Wapo wanaodai kwamba hapana hasara, kwa kuwa msimbo ndio unaofanya kazi, hivyo ndio ukweli. Hoja hii ina mashiko kiasi, kwani mchoro hauendeshi mashine. Hata hivyo, msimbo hueleza kinachotendeka tu, hauelezi kilichokusudiwa. Hauwezi kujishtaki wenyewe.

Mfano ni chombo cha angani cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilichorushwa Desemba 1998. Waraka wa usanifu uliagiza kwamba programu mojawapo ya ardhini itoe takwimu za msukumo wa injini ndogo kwa nyutoni-sekunde. Msimbo ukazitoa kwa pauni-sekunde. Programu iliyozipokea ikazisoma kana kwamba ni za kimetriki, na msukumo ukahesabiwa kuwa mdogo takribani mara 4.45 kuliko ulivyokuwa. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilipita karibu mno na sayari ya Mirihi, kikapotea. Msimbo ulikuwa ukitekelezwa bila kulalamika. Waraka ndio uliokuwa na jibu, lakini haukulinganishwa na msimbo ipasavyo.

Ni dhahiri basi kwamba ulinganifu huu si pambo la makabrasha. Badiliko lolote la msimbo linalogusa usanifu lisikubaliwe mpaka ramani irekebishwe siku iyo hiyo. Ramani yenyewe iwe fupi, ibebe yale ya lazima tu, maana ndefu haitunziki. Fauka ya hayo, kazi ya kulinganisha ipewe majaribio yanayoendeshwa na kompyuta yenyewe kila msimbo unapobadilishwa, kwa kuwa binadamu husahau.

Wanaolalamikia muda unaotumika wakumbuke kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa chombo kile, hata ukuta wa kujenga haukubaki.