Miwani ya VR: Pima macho kabla ya kuuliza bei

Na Daktari Wetu, Gazi, Kwale

Miwani ya VR, ile inayofunika uso kama ya mpiga mbizi na kumfanya mchezaji ajione yumo ndani ya mchezo, si jambo geni tena kwa vijana wa mijini. Wengi wao hucheza kwa kompyuta wakiwa wameketi, wakiendesha magari ya mashindano au kurusha ndege. Wakitaka kununua, huulizana kwanza juu ya bei na ung'avu wa picha. Maoni yangu kama daktari ni kwamba maswali hayo yangoje. Swali la kwanza liwe hili: je, kifaa hiki kinakubaliana na macho na shingo ya atakayekivaa?

Hapa Gazi huna haja ya kumweleza mvuvi maana ya kulewa bahari. Anajua kwamba anayeinamia ndani ya mashua moyo humchafuka upesi, na anayetazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, hupata nafuu. Sikio la ndani, ambalo hutunza usawa wa mwili, huuambia ubongo kwamba tunayumba, ilhali macho yanaona sakafu ya chombo iliyotulia. Kwenye VR mambo hugeuka. Macho huona gari likikata kona kwa kasi, lakini sikio linasema tumeketi kitini. Ubongo ukiletewa habari mbili zinazopingana, mtu hutokwa na jasho, huona kizunguzungu na hatimaye hutapika.

Ubaya huo huzidi picha inapochelewa kufuata kichwa kinapogeuka. Kwa hiyo tazama kwenye kasha idadi ya mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde moja, inayoandikwa kwa alama ya Hz. Kwa maoni yangu, mtu anayelewa upesi asishuke chini ya 90. Hata hivyo, idadi hiyo haina maana ikiwa kompyuta ni dhaifu na haiwezi kutoa picha kwa kasi hiyo. Mwenye pesa kidogo afadhali aimarishe kompyuta kwanza, kisha anunue miwani ya kadiri.

Jambo la pili ni umbali baina ya mboni za macho. Kwa watu wazima wengi umbali huo hukaribia milimita 63, lakini wako wenye 57 na wako wenye 70. Lenzi zisipokaa mbele ya mboni, picha huwa na ukungu na kichwa huuma. Oculus Rift S, iliyotoka mwaka 2019, lenzi zake hazisogei. Quest 2 ya mwaka 2020 ina nafasi tatu tu: 58, 63 na 68. Valve Index, ya 2019 pia, husogezwa taratibu kutoka 58 hadi 70. Mpima macho yeyote atakupimia umbali huo kwa dakika chache. Uandike kwenye karatasi, uende nao dukani.

Wako wanaodhani kwamba kwa vile kioo kiko karibu na jicho, asiyeona mbali hahitaji miwani yake ya kawaida. Sivyo. Lenzi hizo huifanya picha ionekane kana kwamba iko zaidi ya mita moja mbele yako, hivyo mwenye kuhitaji miwani ataihitaji humo pia. Hakikisha nafasi yake ipo, la sivyo miwani yako itakwaruza lenzi za kifaa.

Uzito nao usidharauliwe. Quest 2 ina gramu 503, na Valve Index ina 809. Uzito huo ukielemea mbele ya uso kwa saa nzima, misuli ya shingo hulalamika. Chagua yenye mkanda imara unaoshika nyuma ya kichwa. Keti kwenye kiti chenye mgongo, miguu ikigusa sakafu.

Kisha liko suala la usafi, na hapa nasema na wenye vyumba vya michezo ambako miwani moja huvaliwa na wateja kwa zamu. Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Mombasa na sehemu nyingine za Pwani. Huenezwa kwa mikono na vitu vinavyogusana na macho. Sponji iliyolowa jasho la mtu mmoja, ikahamia usoni pa mwingine, ni njia fupi ya kuusambaza. Kifuniko cha silikoni kinachopanguswa kwa dawa kila mteja anapotoka si anasa, na mteja ana haki ya kukidai.

Hata mwenye kutumia peke yake ajihadhari. Mwezi Julai 2021 kampuni ya Facebook, ambayo sasa ni Meta, ilisitisha kwa muda uuzaji wa Quest 2 baada ya malalamiko ya ngozi kuwasha, ikawapa wateja vifuniko vya silikoni. Nchini Marekani hatua hiyo ilihusu sponji zipatazo milioni 4. Anayenunua Quest 2 iliyokwisha kutumika aulize kama kifuniko hicho kipo. Katika joto la Pwani, uso hutoka jasho maradufu.

Kuhusu watoto, Meta iliteremsha umri kutoka miaka 13 hadi 10 mwaka 2023, kwa usimamizi wa mzazi. Mimi nasema umri pekee hautoshi. Watoto wengi mboni zao ziko karibu kuliko milimita 58, na hapo vifaa vingi haviwafai. Mtoto akisema haoni kina cha picha kama wenzake, usimkemee. Pengine jicho moja ni vivu, na ugonjwa huo hutibika vyema unapogunduliwa mapema. Mpeleke kliniki ya macho.

Mwenye kifafa asivae kabla ya kuonana na daktari wake. Wengine waanze kwa dakika 10 au 15, kwa mchezo wa polepole, na wavue mara tu moyo unapoanza kuchafuka. Kujikaza hakumzoeshi mtu, humzidishia. Baada ya kuvua, pumzika hadi kizunguzungu kiishe kabla ya kushika usukani au kupanda pikipiki.

Muuzaji mwema atakuruhusu kuivaa robo saa ukiwa umeketi. Akikataa, nenda duka jingine.