Dawa ya Safari Si ya Kumlaza Mtoto



Sikukuu zinapokaribia, familia nyingi za kwetu Kasulu na Kibondo hupanda magari kwenda kuwaona ndugu. Wengi husumbuliwa na kichefuchefu njiani, nao hununua vidonge vya prometazini, ambavyo watu wamezoea kuviita Phenergan. Ni dawa nzuri ikitumiwa sawasawa. Kinachonisikitisha ni desturi ya kumpa mtoto mchanga dawa hiyo ili alale njia nzima, asiwasumbue abiria.

Namkumbuka mama aliyeshuka garini na kuja kwetu mbio akiwa na mtoto wa miezi minane. Alikuwa amemnywesha kijiko kizima cha dawa ya maji kwa ushauri wa jirani. Mtoto hakuamka hata kunyonya, na pumzi zake zilikuwa za polepole mno. Tulimpa oksijeni, tukakesha naye. Kwa neema ya Mungu alizinduka. Mama yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Ndani ya sikio kuna kiungo kinachotusaidia kusimama bila kuyumba. Gari likipita kwenye kona na mashimo, sikio huuambia ubongo kwamba tunakwenda, lakini macho yanayotazama kiti cha mbele husema tumetulia. Habari hizo mbili zikipingana, kichefuchefu huanza. Prometazini huzituliza habari hizo, lakini hutia usingizi na huweza kufifisha pumzi. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe kabisa, kwa kuwa kulikuwa na watoto waliokufa kwa kushindwa kupumua.

Basi tushike haya:

Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe. Aliyezidi umri huo apewe kwa kipimo cha mganga au muuguzi tu, si kwa kukadiria na kijiko cha nyumbani.

Mtu mzima humeza kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku wa kuamkia safari. Ukisubiri mpaka uanze kutapika, umechelewa.

Usichanganye na pombe, Valium wala dawa za kifafa zinazotia usingizi. Usiongeze Piriton, maana hizo ni dawa za ukoo mmoja.

Dereva wa gari au bodaboda asiimeze, kwani usingizi wake waweza kubaki hata kesho yake.

Mama mjamzito, mzee mwenye shida ya kukojoa na mwenye presha ya macho waulize kwanza.

Wengine huimeza kila wasikiapo kizunguzungu. Hapo nasema hapana. Kizunguzungu ni dalili, nacho chaweza kutoka kwenye malaria, upungufu wa damu, presha, ugonjwa wa sikio au ujauzito. Ukikinyamazisha kwa kidonge, ugonjwa wenyewe unaendelea. Na kikija pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, usingoje kupambazuka. Nenda hospitali mara moja.

Kwa safari nyingi dawa haihitajiki hata kidogo. Kula kidogo, keti mbele, tazama mbali barabarani, fungua dirisha, usisome. Mtoto mchanga mnyonyeshe mara kwa mara. Akilia, abiria wenzangu, tumvumilie! Sote tulililia migongoni mwa mama zetu.

Nawaomba wauza dawa pia wamuulize kila mnunuzi swali moja tu: "Ni ya nani?" Na wewe mzazi, kabla ya kufungua chupa, jiulize kama unamtibu mtoto au unamnyamazisha. Mtoto anayelia garini anapumua. Mshukuru Mungu, umbebe, mfike salama.