Konzo: mnyoo wa milimita moja unavyosaidia kueleza kifo cha neva

Ng'ambo ya mto Rusizi, mkabala na Cyangugu, iko Kivu Kusini, mkoa ambako ugonjwa wa konzo umewahi kuripotiwa katika mazingira ya vita. Konzo humpooza mtu miguu yote miwili kwa ghafla, na kupooza huko hakuponi. Waathirika wakubwa ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Ugonjwa huo unahusishwa na sianidi inayobaki katika muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa pale mlo unapokosa protini ambayo mwili huihitaji ili kuiondoa sumu hiyo. Tarime, nchini Tanzania, ilikumbwa na mlipuko kama huo wakati wa ukame wa mwaka 1985. Vita na njaa huwanyima watu muda wa kuloweka.

Lakini kwa nini sumu inayosambaa mwili mzima huharibu zaidi neva zinazoongoza miguu? Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, hivyo watafiti huanza na viumbe sahili. Mnyoo wa udongoni aitwaye C. elegans ana seli za neva 302 tu, na mwili wake ni angavu kiasi kwamba seli inayokufa huonekana kwa darubini. Mwaka 2001, watafiti wa Marekani walibaini kuwa bakteria wanaotoa sianidi humpooza na kumuua mnyoo huyo, ilhali mnyoo mwenye hitilafu katika jeni moja huistahimili zaidi.

Utafiti wa namna hii hauhitaji fedha nyingi. Huko Bushenyi, magharibi mwa Uganda, wanasayansi wa Afrika wamefundishwa kumtumia nzi wa matunda kwa lengo hilohilo.

Hata hivyo, mnyoo hana miguu wala uti wa mgongo. Matokeo yake sharti yathibitishwe kwa panya, kisha kwa wagonjwa.

Kinga, kwa upande wake, haisubiri maabara. Unga wa muhogo ukichanganywa na maji, ukatandazwa kwa tabaka jembamba kwa saa mbili juani au tano kivulini, hupoteza sehemu kubwa ya sianidi. Njia hiyo imezuia konzo katika vijiji kadhaa vya Kongo. Kwa wakazi wa Rusizi, wanaofanya biashara ya vyakula na Bukavu, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: muhogo huu ulilowekwa siku ngapi?