Jiandae kwa Mega, lakini usiwe Cheptais

Jamani, kila umbo jipya la Mega likitangazwa katika Pokémon GO, ushauri ni uleule: tafuta kundi, mpige jitu kwenye jimu, mkusanye nishati. Wa Nairobi sawa. Lakini jimu nyingi zilitokana na Ingress, mchezo uliotangulia, ambako wachezaji wenyewe walipendekeza maeneo. Pasipo na wachezaji, ramani tupu! Huku Cheptais, mteremkoni mwa Elgon, Mega Rayquaza utampiga na nani? Pasi ya kupigana ukiwa mbali ndiyo iliyotuokoa. Aprili 2023 Niantic wakaipandisha kutoka sarafu 100 hadi 195, tena mwisho tano kwa siku. Mimi ni mwandishi wa programu: hizo ni namba alizoandika mtu, na namba hufutwa. Wazifute!