MAARIFA YA MASHAMBANI: Kificho cha Mlinzi wa Mahindi

Mkulima wa Rongo aliyepanda mahindi karibu na vichaka vya mto Kuja aghalabu huamka asubuhi akakuta mabua yamevunjwa na mahindi yametafunwa nusunusu. Hapo mabishano huanza. Mmoja husema ni tumbili, wa pili husema ni nguruwe mwitu, na wa tatu humshuku jirani. Kwa kuwa mwizi hajulikani, mwenye shamba huweka sumu, na sumu hiyo humuua mbwa wake mwenyewe, au huokotwa na mtoto. Dawa ya kwanza ya jambo hili ni kuona kwa macho. Na anayetaka kuona, sharti yeye asionekane.

Wengi wanalijua dungu, yaani ulingo wa miti unaoinuliwa katikati ya mtama ili mlinzi apige kelele na kurusha mawe kwa kombeo ndege wanapotua. Dungu limewekwa lionekane. Kificho ni kinyume chake. Wawindaji wa zamani walikijenga kando ya njia za wanyama na mahali pa kunywea maji, wakangoja humo mkuki mkononi. Kazi hiyo imekwisha. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani. Wala katazo hilo halikuja bure: katika Mbuga ya Ruma, bonde la Lambwe, si mbali na Rongo, ndimo waliosalia swala wakubwa waitwao korongo, na hesabu ya mwaka 2021 ilipata 15 tu katika nchi nzima. Basi mkulima aingiapo katika kificho na aache mkuki na upinde nyumbani, achukue daftari na kalamu. Askari wa wanyamapori akimkuta mtu kichakani usiku na mishale hataanza kwa kumwuliza habari za mahindi.

Mahali pa kujenga ni penye kivuli, mgongo ukielekea kichaka au mti mkubwa, hatua thelathini au arobaini kutoka mahali mazao yanapoharibiwa. Nguruwe mwitu hutambua kwa pua kuliko kwa macho. Kwa hiyo upepo sharti utoke kwao uje kwa mlinzi. Kwa tumbili na ndege mambo ni mengine: hao hutumia macho, na kinachomfichua mtu kwao ni mwendo wa mkono, shati jeupe, na kioo cha saa kinachometameta juani. Karani aliyekuja likizo na kujitolea kulinda zamu ayafikirie hayo kabla ya kutoka nyumbani.

Fito sita za mkalitusi au za mti wowote ulio karibu zatosha, nazo hufungwa kwa kamba za magome. Ncha zitakazoingia ardhini zichomwe kidogo motoni, ili mchwa wasizimalize upesi. Ukuta wa nyuma ndio unaosahauliwa na wajenzi wengi, na ndio ulio muhimu kuliko wote. Ukiwa na matundu, mwanga hupita nyuma ya mlinzi, na kivuli cha kichwa chake huonekana wazi dirishani hata akikaa kimya kama jiwe. Uzibwe kabisa kwa matete na nyasi. Mbele liachwe tundu moja tu, la upana wa viganja viwili, usawa wa macho ya mtu aliyeketi.

Matawi mabichi hunyauka na kubadilika rangi baada ya siku chache, na kichaka kikavu katikati ya majani mabichi hushtua kila kiumbe. Ni afadhali kutumia nyasi zilizokwisha kukauka au majani makavu ya miwa, ambayo hayakosekani Rongo, na kuviongoza vitambaazi vilivyo hai vipande juu yake. Tawi lisimikwe kama lilivyoota, ncha juu, kwa maana upande wa chini wa majani mengi ni mweupe zaidi nao huonekana kutoka mbali. Sakafu ifagiliwe, jani kavu moja chini ya kisigino laweza kuharibu kungoja kwa saa tatu.

Liko jambo moja la hatari. Nyua nyingi za boma zimepandwa mnyaa, mti ule wa vijiti vya kijani uitwao ojuok kwa Kijaluo. Usikatwe kwa kazi hii hata kama uko karibu. Utomvu wake mweupe huunguza macho na waweza kumpofusha mtu, na ndani ya kificho uso wa mlinzi uko karibu sana na matawi.

Kificho kikikamilika kiachwe siku nne au tano bila mtu, hata wanyama wakizoee. Kisha mlinzi aingie kabla ya mapambazuko, aandike saa, aina ya mnyama, idadi, na upande aliotokea. Mkulima anayekwenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na maandishi ya juma zima husikilizwa tofauti na yule anayesema tu kwamba shamba limeliwa. Na akigundua kwamba tumbili wote hushuka kwa tawi moja lililoinamia shamba, panga na nusu saa huenda zikatosha.

Mavuno yakiisha, fito zing'olewe, zikaushwe na kuwekwa juu ya dari jikoni, ambako moshi huzilinda na wadudu hadi msimu mwingine wa kupanda.