Kitufe Kilichobonyezwa: Kirejeshi cha Kiswahili na Somo la Awali la Utungaji wa Programu

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta aghalabu umejikita katika istilahi. Swali kama kitu kinachochorwa kwenye skrini kiitwe kitufe au kibonye, na kama hubonyezwa au hubofywa, lina nafasi yake. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua ya kuheshimiwa. Hata hivyo, menyu ni orodha ya majina na amri tu. Haimfundishi mwanafunzi namna ya kuifikiria programu anayoitunga mwenyewe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mchango mkubwa zaidi wa Kiswahili katika somo hilo umo katika sarufi yake.

Tatizo moja la wanaoanza linatosha kuwa kielelezo. Mwanafunzi anatunga programu ya kuandikia uzito wa kahawa. Kwenye skrini anaweka vitufe 10 vya tarakimu, kuanzia 0 hadi 9, kisha kitufe cha Futa na kitufe cha Jumlisha. Kwa kuwa ameelezwa kwamba kitufe kinapobonyezwa hapana budi pawepo utaratibu wa kushughulikia tukio hilo, anaandika taratibu 12. Kumi kati yake zinafanana neno kwa neno, isipokuwa tarakimu moja. Akigundua kosa katika mmoja, inambidi asahihishe zote. Na akisahau mmoja, programu itatoa jumla isiyo sahihi bila kuonya.

Lugha za programu zilikwisha kulitafutia tatizo hili ufumbuzi. Visual Basic, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1991, iliruhusu vitufe vyenye jina moja kushiriki utaratibu mmoja, kila kimoja kikitambulishwa kwa namba ya fahirisi. Katika Java, tangu toleo la 1.1 la mwaka 1997, utaratibu hupokea taarifa ya tukio, na ndani ya taarifa hiyo mna chanzo chake. Ugumu uliobaki ni wa ufahamu: mwanafunzi anatakiwa kukizungumzia kitu ambacho, wakati anapoandika, bado hakijulikani ni kipi.

Ufahamu huo si mgeni kwa kijana wa Rugera, wilayani Karagwe, ambako kahawa huuzwa kwa kupimwa. Anayemwelekeza mpimaji hamtungii agizo kwa kila mkulima. Husema: mfuko utakaoletwa upimwe, na jina la aliyeuleta liandikwe. Agizo ni moja, na linatosha kwa mfuko wowote, hata ule ambao bado haujafika. Kinachoibeba kazi hiyo ni kirejeshi, yaani ile O rejeshi ambayo Ashton aliieleza kwa kina katika sarufi yake ya mwaka 1944. Vivyo hivyo, taratibu 10 za mwanafunzi wetu zinaingia katika sentensi moja: tarakimu iliyoandikwa kwenye kitufe kilichobonyezwa iongezwe mwishoni mwa namba iliyopo. Kiambishi -cho- kinafanya kile kile kinachofanywa na chanzo cha tukio katika Java.

Zaidi ya hayo, sentensi hiyo inatoa kipimo. Baadhi ya wanaojifunza, wakishauona utaratibu mmoja, huvitupa humo vitufe vyote 12, kisha huujaza masharti: kama ni Futa, fanya hivi, kama ni Jumlisha, fanya vile. Kiswahili kinalifichua kosa hili mapema, kwa sababu kufuta na kujumlisha havielezeki kwa sentensi ya tarakimu. Kila kimoja kinadai sentensi yake. Sentensi ni tatu. Kwa hiyo taratibu ni tatu, wala si 12, wala si moja.

Yawezekana kupinga kwamba maneno ya lugha za programu yana asili ya Kiingereza, hivyo kufundisha kwa Kiswahili ni kumchelewesha mwanafunzi. Pingamizi hili linachanganya mambo mawili. Maneno maalumu ya lugha ya programu ni machache na hukaririwa kwa muda mfupi. Kinachochelewesha ni fikra iliyo nyuma yake. Kijana wa Rugera hukua na Runyambo, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza sekondari. Akielezwa fikra mpya kwa lugha ambayo bado anajifunza, hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, na akishindwa huhesabiwa kwamba hana akili ya kompyuta.

Idara za Kiswahili, basi, zisiridhike na kukabidhi orodha za istilahi. Inafaa zikae pamoja na walimu wa kompyuta na kuandaa maelezo kamili ya somo: sentensi zilizojaribiwa darasani, zenye virejeshi na masharti yake. Istilahi isiyo na sentensi ni kitufe kisicho na utaratibu: kitaonekana kwenye skrini, kitabonyezwa, na hakuna kitakachotokea.