Kupanda Daraja Sawa, Kununua Ushindi Hapana

Mwaka 2017 timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha St. Thomas, chuo cha Kikatoliki kilichoko St. Paul, Minnesota, iliichapa timu ya Chuo cha St. Olaf 97 kwa 0. Ni kweli kwamba katika mchezo huo wa mpira wenye umbo la yai bao moja kubwa huleta alama sita, lakini hata hivyo 97 kwa 0 si mechi. Ni mtu mzima kupigana mieleka na mtoto, halafu akanyoosha mikono juu kushangilia.

Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 2019, vyuo vya ligi yao vilitangaza kuiondoa St. Thomas, ingawa ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ligi hiyo mwaka 1920. Sababu iliyotolewa ni kwamba ushindani haukuwa sawa tena. St. Thomas ilikuwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza zaidi ya 6,000, na vyuo vingi walivyocheza navyo havikufikia hata nusu ya idadi hiyo. Mwaka 2020 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, kiliiruhusu kutoka Daraja la Tatu moja kwa moja hadi la Kwanza, bila kupita la Pili. Mwaka 2021 ikaanza kucheza huko.

Je, ilistahili kupanda? Wapo waliolalamika kwamba chuo kiliadhibiwa kwa kosa la kushinda. Wapo pia waliosema chuo cha Kikatoliki hakina sababu ya kukimbilia makuu ya dunia. Nawaheshimu wote wawili, ila nadhani wote wawili hawajamsikiliza msimamizi wa chuo chenyewe.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha katika Summa Theologiae kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni mapumziko yake. Anaongeza kwamba ipo fadhila ya kucheza vizuri. Sasa tujiulize: katika 97 kwa 0, ni nani aliyepumzika? Aliyefungwa alidhalilika, na aliyefunga hakujifunza lolote. Mchezo unahitaji mpinzani anayeweza kukushinda. Ukimkosa, unabaki na mazoezi yenye watazamaji. Kwa hiyo ligi ilisema jambo ambalo chuo kilipaswa kulisema chenyewe mapema zaidi: mwenye nguvu akatafute mwenye nguvu mwenzake. Hiyo ni haki kwa mdogo kabla haijawa heshima kwa mkubwa.

Kwa wale wanaoogopa makuu, Thoma ana jibu jingine. Anaihesabu kuwa ni kasoro pale mtu mwenye uwezo wa jambo kubwa anapolikwepa kwa udogo wa moyo, na anamtaja yule mtumishi aliyeifukia fedha ya bwana wake ardhini. Ukuu wa moyo ni fadhila. Lakini Thoma haishii hapo. Pembeni ya fadhila hiyo anaweka maovu yanayofanana nayo kwa sura: kujitwika yaliyo juu ya uwezo wako, na kutafuta sifa za bure. Hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu, kwa sababu kwa macho ya nje kupanda daraja kunaweza kuwa lolote kati ya hayo matatu.

Tutayatofautishaje? Tuangalie kinachotokea kwa mwanafunzi. Katika mpira, St. Thomas ilijiunga na ligi ya Daraja la Kwanza ambayo vyuo vyake havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya kucheza mpira. Mchezaji anaingia chuoni kwa masharti yale yale ya wenzake. Mwaka 2022, msimu wake wa pili tu, timu ilitwaa ubingwa wa ligi hiyo, lakini kwa kanuni za kipindi cha mpito haikuruhusiwa kwenda kuwania ubingwa wa taifa. Vijana wale walicheza msimu mzima wakijua kwamba mbele yao hakuna kombe la taifa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja bora ya kutetea kupanda kwao, kuliko ushindi wowote.

Hofu yangu ni hatua inayofuata. Juu ya ngazi hiyo ipo nyingine, na bei yake inapanda kila mwaka. Tangu mwaka 2025, kufuatia maridhiano yaliyoidhinishwa na mahakama, vyuo vya Daraja la Kwanza vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Simwonei wivu kijana anayelipwa, kwani mtenda kazi anastahili ujira wake. Lakini akishaitwa mtenda kazi, chuo kinageuka mwajiri wake, na siku atakapoumia goti hatakuwa tena mwanafunzi mgonjwa bali hasara kwenye hesabu.

Wapo watakaosema kwamba aliyeanza kupanda hawezi kusimama katikati ya ngazi. Si kweli. Chuo Kikuu cha Dayton, cha Shirika la Wamaria, kilishusha mpira wake hadi Daraja la Tatu mwaka 1977, kikatwaa ubingwa wa taifa wa daraja hilo mwaka 1980 na tena 1989. Kiliporudi juu mwaka 1993, ni kwa sababu kanuni za NCAA zilibadilika, na kikaingia katika ligi ile ile isiyotoa ufadhili ambayo St. Thomas ilijiunga nayo baadaye. Hakikufa kwa kushuka, wala hakikulewa kwa kupanda.

Msimamo wangu basi ni huu. Chuo cha Kikatoliki kipande daraja pale kubaki kunapowaonea wadogo. Kisimame pale kupanda kunapomgeuza mwanafunzi kuwa chombo cha kutangazia jina la chuo. Na kabla ya kuamua, wakuu wake wajiulize swali moja: tukishindwa mechi zote za msimu ujao, je, bado tutasema tulifanya vyema kuja huku? Wakijibu ndiyo, ni ukuu wa moyo. Wakisita, wasubiri kwanza.

Seminari ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney iko katika eneo la chuo hicho, na mafrateri wake wanasoma falsafa humo humo. Swali hilo hata wao wanaweza kulipeleka mezani.